Kupoza prosesa kwa hewa, kwa maji au kwa moduli ya Peltier: ulinganisho wa kumsaidia anayechagua

Mtu anayetaka prosesa ya kompyuta yake isipate joto kali ana njia tatu zilizo karibu naye: hitsinki (chuma cha kutawanyia joto) yenye feni, mzunguko wa maji wenye pampu na rejeta, na moduli ya Peltier, yaani kibamba chembamba cha kauri ambacho kikipitishiwa umeme, uso wake mmoja hupoa na wa pili hupata joto. Ipo pia njia ya nne, ya kompresa kama iliyo ndani ya jokofu, ambayo ndiyo mshindani wa kweli wa Peltier ingawa wengi hawaifikirii. Ulinganisho huu unamlenga msomaji aliyevutwa na moduli hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoahidi makubwa na ndiyo inayonunuliwa mara nyingi bila hesabu. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba moduli ya Peltier haiondoi haja ya hitsinki wala ya maji. Huwekwa kati ya prosesa na kipoozaji kingine, na kipoozaji hicho hulazimika kubeba joto la prosesa pamoja na joto la umeme wote ambao moduli yenyewe imeutumia. Uamuzi wa kuichagua au kuiacha unatoka hapo.

Joto linavyosafiri katika kila njia

Katika hitsinki yenye feni, joto hutoka kwenye kiini cha prosesa, likapita kwenye kifuniko chake cha chuma na grisi ya joto, likaingia katika bamba la shaba, kisha likapandishwa na mirija yenye kimiminika kidogo ambacho huchemka upande wa moto na kurudi kuwa kimiminika upande wa baridi, hadi kwenye mapezi ya alumini yanayopulizwa na feni. Mzunguko wa maji hufanya kazi ileile kwa safari ndefu zaidi: maji hulichukua joto juu ya prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, ambayo ina eneo kubwa la mapezi na nafasi ya feni mbili au tatu. Njia zote mbili zina mpaka mmoja usiovukika, kwamba haziwezi kuishusha prosesa chini ya halijoto ya hewa inayopita kwenye mapezi. Chumba kikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, prosesa itakuwa juu ya nyuzi 25 daima, na ubora wa kipoozaji hupimwa kwa jinsi kinavyopunguza kiasi hicho cha kuzidi.

Moduli ya Peltier inaweza kuuvuka mpaka huo. Mwaka 1834 mwanafizikia wa Ufaransa, Jean Charles Athanase Peltier, alionyesha kwamba mkondo wa umeme ukipita mahali metali mbili tofauti zilipoungana, kiungo hicho hupoa au hupata joto kutegemea mwelekeo wa mkondo. Kwa metali za kawaida matokeo ni hafifu mno. Ni semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu) za bismathi teluraidi, zilizoanza kutumiwa kwa kazi hii katika miaka ya 1950, zilizokifanya kitu hicho kuwa kifaa cha kutegemewa. Moduli iliyoenea sana, ile yenye alama TEC1-12706, ina jozi 127 za vipande vya semikondakta vilivyobanwa kati ya vibamba viwili vya kauri vyenye milimita 40 kwa 40, na mkondo wake wa juu ni ampia 6.

Ndani ya moduli mambo matatu hushindana. Mkondo huhamisha joto kutoka uso wa baridi kwenda uso wa moto kwa kiasi kinacholingana na mkondo wenyewe. Mkondo huohuo huzalisha joto ndani ya vipande kwa sababu ya ukinzani, safari hii kwa kiasi kinacholingana na mraba wa mkondo, na takriban nusu ya joto hilo hurudi upande wa baridi. Tena, kadiri nyuso mbili zinavyotofautiana kwa halijoto, ndivyo joto linavyovuja kurudi lilikotoka kupitia vipande vyenyewe. Kuongeza mkondo maradufu, basi, huongeza uhamishaji maradufu lakini huongeza joto la ukinzani mara nne, na ndiyo maana moduli hutoa ufanisi wake mzuri inapoendeshwa kwa sehemu tu ya mkondo wake wa juu. Anayenunua moduli ndogo akaisukuma hadi mwisho anapata matokeo mabaya kuliko anayenunua kubwa akaiendesha taratibu.

Namba mbili ambazo hazikutani

Karatasi ya vipimo ya moduli hutaja namba mbili zinazovutia: wati nyingi kabisa inazoweza kuhamisha, na tofauti kubwa kabisa ya halijoto inayoweza kuleta kati ya nyuso zake. Msomaji asiyejua hudhani atazipata zote kwa pamoja. Ukweli ni kwamba namba ya kwanza hupatikana pale tu tofauti ya halijoto ikiwa sifuri, na ya pili hupatikana pale tu moduli isipobeba mzigo wowote. Kati ya ncha hizo mbili, kinachoongezeka upande mmoja hupungua upande mwingine karibu kwa mstari ulionyooka. Moduli iliyoandikwa wati 60 na nyuzi 68, ikitakiwa kuleta tofauti ya nyuzi 34, itahamisha kama wati 30, na kwa mkondo wake kamili itakuwa inakula umeme wa karibu wati 90. Hitsinki iliyo nyuma yake itapokea wati 120 ili prosesa ipunguziwe wati 30. Naisisitiza hesabu hii kwa sababu ndiyo inayoamua zaidi katika ununuzi wote, na ndiyo isiyoonekana kwenye kifurushi.

Kwa kulinganisha, hitsinki na rejeta hazina fumbo kama hilo. Kipimo chao cha msingi ni kimoja, yaani nyuzi ngapi halijoto inapanda kwa kila wati moja ya joto, na namba hiyo ikiwa ndogo, kipoozaji ni bora.

Wati 100 na wati 230 juu ya hitsinki moja

Tuchukue hitsinki nzuri ya feni ambayo hupandisha nyuzi 0.15 kwa kila wati, ndani ya chumba chenye nyuzi 25, na tuhesabu halijoto ya kifuniko cha prosesa. Prosesa ikitoa wati 100 bila Peltier, kifuniko kitafika nyuzi 40. Sasa tuweke kati yake moduli kubwa inayoleta tofauti ya nyuzi 30 na kutumia wati 150 za umeme kuhamisha hizo wati 100, kiwango kinachofikika kwa moduli isiyosukumwa hadi mwisho. Hitsinki sasa inabeba wati 250, uso wa moto unafika nyuzi 62.5, na ukiondoa zile nyuzi 30, kifuniko kinabaki kwenye nyuzi 32.5. Tumepata nafuu ya nyuzi 7.5 kwa gharama ya wati 150 mfululizo. Kompyuta inayofanya kazi hivyo saa 8 kwa siku itakula kilowati-saa 438 zaidi kwa mwaka mzima.

Prosesa ikitoa wati 230, mambo yanageuka. Bila Peltier kifuniko kinafika nyuzi 59.5. Kwa Peltier ya ufanisi uleule, moduli inahitaji wati 345, hitsinki inabebeshwa wati 575, uso wa moto unapita nyuzi 111, na kifuniko kinabaki kwenye nyuzi 81 hivi. Kifaa kilichowekwa ili kupoza kimeongeza karibu nyuzi 22. Mstari unaotenganisha faida na hasara katika mfano huu uko kwenye mzigo wa takriban wati 133, na kanuni yake ni rahisi kuikumbuka: zidisha wati za umeme wa moduli kwa nyuzi ambazo kipoozaji cha nyuma hupandisha kwa kila wati, na ikiwa jibu linafikia au kuzidi tofauti ya halijoto ambayo moduli inaleta, moduli hiyo haina kazi pale.

Kanuni hiyohiyo inaonyesha kwa nini Peltier huendana na maji kuliko hewa. Mzunguko wa maji uliojengwa kwa rejeta kubwa, wenye kupandisha nyuzi 0.05 tu kwa kila wati, ungeishusha prosesa ya wati 100 kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 7.5, na ile ya wati 230 kutoka nyuzi 36.5 hadi karibu nyuzi 24. Hata hivyo, tutazame tulikotoka. Maji peke yake, bila wati moja ya ziada, yalikuwa yameshaiweka prosesa ya wati 230 kwenye nyuzi 36.5, ambayo ni nafuu kubwa kuliko yoyote ambayo Peltier ingeweza kuleta juu ya hitsinki. Mwenye bajeti ya kununua moduli, chanzo chake cha umeme na kidhibiti chake, kwa kawaida atafaidika zaidi akiiweka bajeti hiyo yote kwenye rejeta kubwa zaidi.

Kuna kikwazo kingine ambacho hesabu ya jumla haikionyeshi. Kiini cha prosesa ya kisasa ni kidogo, na kila sentimita ya mraba yake inaweza kutoa wati 100 au zaidi chini ya kazi nzito, ilhali moduli ya kawaida hupokea wati 3 hadi 4 tu kwa kila sentimita ya mraba. Lazima pawe na bamba nene la shaba la kulitawanya joto kabla halijafika kwenye moduli, na kwa wati nyingi huhitajika moduli mbili, nne au zaidi kandokando. Sehemu kubwa ya kupanda kwa halijoto hutokea ndani ya prosesa yenyewe, kati ya kiini na kifuniko, na huko Peltier haiwezi kupunguza ukinzani wowote. Inaweza kuupoza zaidi uso wa nje tu.

Mbona zamani ilifaa?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini wapenzi wa kompyuta wa mwishoni mwa miaka ya 1990 waliisifia Peltier. Jibu liko kwenye wati. Celeron 300A ya Intel, iliyotoka mwaka 1998 na kupendwa kwa jinsi ilivyokubali kupandishwa kutoka megahezi 300 hadi 450, kwa kasi yake ya awali ilitoa joto lisilofika wati 20. Mzigo wa namna hiyo unaingia vizuri kwenye moduli moja yenye hitsinki ya wastani. Prosesa kama Core i9-13900K ya Intel huruhusiwa kutumia wati 253, na Ryzen 9 7950X ya AMD hufika wati 230. Moduli hazikudorora, mzigo ndio uliokua zaidi ya mara kumi, na ufanisi wa bismathi teluraidi haukukua kwa kasi hiyo.

Jaribio la karibuni lililofanywa kwa uzito lilikuwa la Intel, iliyoleta mwaka 2020 teknolojia iliyoitwa Cryo Cooling. Kampuni za Cooler Master na EK zilitengeneza vipoozaji vya maji vyenye moduli ya Peltier juu ya prosesa, na programu ya Intel ilipima halijoto na unyevuanga na kurekebisha mkondo ili bamba lisipoe kupita kiasi salama. Vilisaidia pale viini vichache vya prosesa, hapa maana yake vitengo vyake vya kufanya hesabu, vilipofanya kazi kwa kasi kubwa, kama katika michezo mingi, kwa sababu jumla ya joto ilikuwa ndogo. Viini vyote vilipobebeshwa kazi nzito kwa muda mrefu, faida iliyeyuka, kama hesabu yetu ya hapo juu inavyotabiri. Mwaka 2023 Intel iliisitisha. Naiona kazi ile kuwa ya uaminifu, kwa kuwa ilionyesha mahali hasa Peltier inapofaa na inapokoma kufaa.

Umande

Hitsinki na maji ya kawaida havitoi umande kamwe, kwa kuwa haviwi baridi kuliko hewa iliyovizunguka. Peltier inaweza kuwa baridi hivyo, na hapo ndipo hatari yake kubwa ilipo. Hewa yenye nyuzi 25 na unyevuanga wa asilimia 60 huanza kuacha matone kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 17 hivi. Chumba cha nyuzi 30 chenye unyevuanga wa asilimia 75 hufikia umande kwenye nyuzi 25, maana yake ni kwamba anayeishi kwenye hewa ya joto na unyevu ana nyuzi tano tu za kuteremka chini ya halijoto ya chumba kabla maji hayajaanza kujikusanya juu ya mothabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Katika hewa kavu ya nyuzi 20 na asilimia 40, nafasi hiyo hupanuka hadi nyuzi 14.

Zipo njia mbili za kulikabili jambo hili. Ya kwanza ni kidhibiti kinachopima unyevuanga na kuzuia uso wa baridi usishuke chini ya kiwango cha umande. Ni salama, lakini hupunguza ile faida ambayo mtu aliifuata. Ya pili ni kuziba kila mahali hewa inapoweza kufika: povu la mpira lenye vitundu vilivyofungika kuzunguka soketi ambamo prosesa hukaa, mbele na nyuma ya mothabodi, pamoja na grisi ya silikoni isiyopitisha umeme ndani ya soketi na kwenye pini zake. Kazi hiyo huharibu urahisi wa kubadilisha vifaa, na povu lililoacha mwanya mdogo ni baya kuliko kutokuwa na povu, kwa sababu maji hukusanyika ndani yake bila kuonekana. Kompyuta yenye kazi muhimu na isiyokuwa na mtu wa kuikagua haifai kuingizwa katika utaratibu huu.

Kitu kikiharibika

Hapa tofauti kati ya njia hizi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Feni ya hitsinki ikisimama, mapezi huendelea kutoa joto kiasi, na prosesa hupunguza kasi yake yenyewe. Pampu ya maji ikifa, maji yaliyomo huchukua muda kupata joto, kisha prosesa hujilinda. Moduli ya Peltier ikikosa umeme, inakuwa kizuizi: vipande vyake hupitisha joto kwa shida, kiasi kwamba moduli ya ukubwa wa kawaida huhitaji tofauti ya karibu nyuzi 2 kwa kila wati inayopita. Prosesa ya wati 100 haiwezi kuishi nyuma yake, na itajizima ndani ya muda mfupi. Waya zikiunganishwa kinyume, uso unaogusa prosesa ndio unaopashwa moto. Na feni ya uso wa moto ikisimama huku moduli ikiendelea kupata umeme, halijoto hupanda hadi lehemu ya ndani iyeyuke, ambayo katika moduli nyingi za bei nafuu ni ya bismathi na bati na huyeyuka kwenye nyuzi 138.

Kwa upande mwingine, moduli yenyewe haina kinachozunguka wala kinachosuguana, na ikiendeshwa kwa umeme laini wa mkondo mnyoofu hudumu miaka mingi. Kinachoiua ni kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara, kwa kuwa kutanuka na kusinyaa huchosha viungo vyake vya lehemu. Kidhibiti kinachopandisha na kushusha volti taratibu kinafaa. Swichi ya halijoto inayokata na kurudisha umeme haifai.

Kompresa

Anayetaka kwa dhati kuiweka prosesa ya wati nyingi chini ya nyuzi sifuri muda wote, sioni sababu ya kumwelekeza kwenye Peltier. Mtambo wa kompresa huhamisha wati 2 au zaidi za joto kwa kila wati moja ya umeme pale tofauti ya halijoto inapokuwa ya wastani, wakati Peltier kwa tofauti hiyohiyo mara nyingi haifiki hata wati moja. Kompresa ni kubwa, ina kelele, ina mtetemo, na inahitaji fundi wa majokofu kuijaza gesi, lakini kwa mzigo wa wati 200 ndiyo inayotimiza ahadi. Kwa majaribio ya dakika chache ya kuvunja rekodi za kasi, watu hutumia nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na hapo hakuna moduli inayoweza kusogea karibu.

Nani achague nini

Kwa kompyuta ya kazi za ofisi, ya masomo, ya michezo ya kawaida, na hata ya uhariri wa video, ningechagua hitsinki ya feni iliyo bora, bila kusita. Prosesa za leo zimeundwa kuvumilia. Kikomo cha Ryzen 9 7950X ni nyuzi 95 na cha Core i9-13900K ni nyuzi 100, na kushuka kutoka nyuzi 60 hadi 45 hakutaongeza kasi inayoonekana. Kwa prosesa inayotoa wati 200 au zaidi kwa saa nyingi, au kwa sanduku lisilo na nafasi ya hitsinki ndefu, maji yanafaa zaidi, na rejeta ya feni tatu ni bora kuliko ya feni mbili.

Peltier inabaki na nafasi mahali pasipokuwa na mzigo mkubwa. Kompyuta ndogo yenye prosesa ya wati 15 iliyofungiwa ndani ya sanduku lenye hewa ya moto ni mfano mzuri, kwa kuwa huko hewa yenyewe ndiyo tatizo na hitsinki pekee haiwezi kwenda chini yake. Mfano mwingine ni maabara inayotaka kuishikilia chipu kwenye halijoto moja isiyobadilika, kwa sababu kugeuza mwelekeo wa mkondo huifanya moduli ileile ipoze au ipashe joto inavyohitajika. Ndivyo inavyotumika kwa mafanikio katika vihisi vya kamera za sayansi na katika leza ndogo, ambako joto linalohamishwa ni wati chache tu.

Na kwa mtu anayetaka kujaribu kwa ajili ya kujifunza, ushauri wangu ni achague moduli yenye uwezo wa mara mbili au tatu ya wati za prosesa yake, aiendeshe kwa takriban nusu ya volti yake ya juu kutoka chanzo cha umeme kilicho peke yake, aibane kwa nguvu iliyo sawa pande zote kwa kuwa kauri huvunjika kwa urahisi, na afunge kihisi cha halijoto kwenye uso wa moto kitakachokata umeme wa moduli na wa kompyuta kwa pamoja uso huo ukipita nyuzi 80. Moduli iwashwe kwanza bila prosesa, uso wake wa moto ukiwa kwenye hitsinki yenye feni, na uso wa baridi uguswe kwa kidole ili kuthibitisha upande upi ni upi kabla ya kuweka grisi.